Uimara wa mhusika mpya na kasi ya kupanda ngazi: mwongozo kamili kwa msimamizi wa mchezo

Mara ya kwanza nilipokuwa msimamizi wa mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao kila mchezaji anaongoza mhusika wa kubuni na dadu huamua matokeo, mdogo wangu alitumia jioni nzima kumtengeneza mchawi wake. Alimpa jina, akamchorea fimbo yenye kichwa cha ndege, akaandika kwa penseli kisa cha mama aliyeondoka nyumbani usiku asirudi. Kesho yake tukaanza kucheza. Pambano la kwanza, raundi ya kwanza, goblini mmoja, adui mdogo wa hadithini, akafyatua mshale: madhara 7. Mchawi alikuwa na pointi 6 za uhai. Alianguka kabla mdogo wangu hajashika dadu hata mara moja, na raundi chache baadaye akafa. Mdogo wangu aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, na hakurudi mezani kwa miezi miwili.

Sheria zote zilifuatwa, na hesabu zilikuwa sawa. Nilichokosa ni kukaa chini kabla ya siku hiyo na kupanga mambo mawili: mhusika mpya anahimili kiasi gani, na atapanda ngazi kwa kasi gani. Wasimamizi wengi huyachukulia kama mambo mawili tofauti, hili la sura ya mwanzo, lile la baadaye. Mimi nimekuja kuamini kwamba ni uamuzi mmoja. Mhusika dhaifu akipanda polepole, anakaa wiki nyingi mahali ambapo mshale mmoja unammaliza. Mhusika imara akipanda mbio, baada ya mwezi hakuna cha kumtisha.

Natumia Dungeons & Dragons, toleo la mwaka 2014, kwa sababu ndilo ninalolijua vizuri, na kwa sababu sheria zake za msingi zilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons. Unaweza kuzipakua bure, na unaruhusiwa hata kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuwagawia wenzako, mradi utaje zilikotoka. Vifaa visikutishe. Dadu za pande 6 zimo kwenye kila boksi la Ludo. Kwa zile za pande 4, 8, 10, 12 na 20, programu ya simu inatosha. Tulianza na vikaratasi 20 vilivyoandikwa namba ndani ya kikombe, na mchezo ulikwenda.

Hatua ya kwanza: hesabu mapigo, si pointi

Pointi za uhai peke yake hazikwambii kitu. Pointi 8 ni nyingi au chache? Inategemea anayekupiga. Kwa hiyo chukua karatasi, chagua adui ambaye wachezaji wako watakutana naye kwanza, kisha mpambanishe na kila mhusika.

Goblini wa toleo la 2014 hurusha dadu ya pande 20 na kuongeza 4. Jumla ikifikia namba ya kinga ya mlengwa, amempata. Madhara yake ni dadu ya pande 6 kuongeza 2, yaani kati ya 3 na 8, wastani 5.5.

Sasa mpiganaji. Katika ngazi ya 1 anapewa thamani kamili ya dadu yake ya uhai (dadu inayoamua pointi zake za uhai), 10, pamoja na nyongeza ya Ustahimilivu, alama ya mwili wake kuvumilia. Ustahimilivu wa 14 unatoa nyongeza ya 2, kwa hiyo ana pointi 12. Akivaa deraya ya minyororo na kushika ngao, kinga yake ni 18. Goblini anahitaji kupata 14 au zaidi kwenye dadu: mara 7 kati ya 20.

Mchawi mwenye Ustahimilivu huohuo ana 6 na 2, yaani 8. Havai deraya. Akiwa na Wepesi wa 14, kinga yake ni 12, na goblini anahitaji 8 tu: mara 13 kati ya 20.

Ukitazama pointi, 12 na 8, utadhani mpiganaji amemzidi mchawi kwa nusu tu. Lakini hesabu mapigo. Mchawi karibu kila mara huanguka kwa pigo la pili. Mpiganaji huanguka kwa la pili au la tatu. Kisha hesabu majaribio, maana goblini hapati kila akirusha: kumwangusha mchawi kunamchukua majaribio kama matatu, kumwangusha mpiganaji saba au nane. Huyu ni imara zaidi ya mara mbili ya yule, na sehemu kubwa ya uimara huo iko kwenye chuma alichovaa. Mchezaji akiuliza "niongeze Ustahimilivu au ninunue deraya?", mpe jibu hili kwa namba.

Jambo la pili linaonekana hapohapo. Goblini wanne wakimlenga mchawi raundi moja, kwa wastani wawili au watatu watampata. Ameanguka kabla ya zamu yake. Kitabu cha sheria nacho kinakubali: goblini mmoja ni pointi 50 za uzoefu (zile zinazompandisha mhusika ngazi), wanne ni 200, na kwa kuwa ni kundi la watatu hadi sita unazidisha kwa 2, unapata 400. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1, 400 ndiyo mstari ambapo pambano linaanza kuitwa la kuua. Msimamizi mgeni huwaona goblini wanne dhidi ya wahusika wanne akasema hapo pana usawa. Hapana usawa.

Hatua ya pili: chagua uimara wa kuanzia

Mchezo huu ulipotoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, dadu za uhai zote zilikuwa za pande 6. Katika sanduku la wanaoanza la mwaka 1981 mpiganaji alirusha dadu ya pande 8 na mchawi dadu ya pande 4, tangu ngazi ya 1. Fikiria maana yake: bila nyongeza, mchawi mmoja kati ya wanne alianza maisha na pointi 1, na sifuri ilikuwa kifo. Mwaka 2000 ndipo sheria ikasema ngazi ya 1 utapewa dadu kamili bila kurusha. Mwaka 2008 wakaenda mbali zaidi: mchawi alianza na 10 pamoja na alama yote ya Ustahimilivu, si nyongeza yake, kwa hiyo mwenye 14 alikuwa na pointi 24. Mwaka 2014 wakarudi nyuma. Miaka arobaini ya wabunifu kuvutana juu ya swali hilohilo, na ndiyo maana nakwambia usione haya kubadilisha namba kwenye meza yako.

Una njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni kuacha sheria kama ilivyo: mpiganaji 12, mchawi 8. Inafaa kama wachezaji wako wanapenda hatari, na kama utawaambia mapema kwamba wahusika wao wanaweza kufa siku ya kwanza.

Ya pili ni kuazima wazo la 2008: ongeza alama yote ya Ustahimilivu. Mchawi anakuwa na 6 na 14, pointi 20, na mpiganaji 24. Mchawi sasa kwa kawaida huanguka kwa pigo la nne la goblini. Kasoro yake ni kwamba zile pointi 12 za ziada zinabaki daima, na hata ngazi ya 6 utakuwa bado unarekebisha maadui kwa ajili yake.

Ya tatu, ambayo wazoefu huipenda, ni kuanzia ngazi ya 3. Kwa kutumia wastani uliopangwa, mpiganaji ana 28, mchawi 20. Uimara unafanana na wa njia ya pili, lakini pamoja nao unakuja mzigo wa uwezo: uchawi wa daraja la pili, tawi la fani, na mambo ambayo mchezaji mpya hajui hata ayatumie lini. Nimemwona mtu akipindua karatasi yake mbele na nyuma dakika nzima, wenzake wakimsubiri, akitafuta kitu ambacho angekifahamu kwa urahisi kama angekipata kidogokidogo. Kwa meza ya wageni siipendekezi.

Mimi natumia njia ya nne, na naiita mkopo. Mhusika anaanza ngazi ya 1, na uwezo wa ngazi ya 1, lakini anapewa pointi za uhai za ngazi ya 3: mpiganaji 28, mchawi 20. Akifika ngazi ya 2 hapati pointi mpya za uhai. Ngazi ya 3 vilevile. Deni limelipwa. Ngazi ya 4 anaendelea kama sheria inavyosema, mpiganaji 36, mchawi 26, na hakuna namba iliyobaki imeharibika. Mchezaji mgeni anapata nafasi ya kukosea mara mbili tatu bila kufa, na karatasi yake bado ni nyepesi kusoma.

Mkopo una masharti. Waeleze siku ya kwanza, waandike pembeni mwa karatasi "hakuna pointi hadi ngazi ya 4", la sivyo ngazi ya 2 ikifika watajiona wamepunjwa. Na wape maadui wao mkopo mdogo pia, goblini awe na pointi 10 badala ya 7, ili mapambano yasiwe laini mno.

Kuhusu kurusha dadu ya uhai baada ya ngazi ya 1: usirushe. Chukua namba iliyopangwa, 4 kwa dadu ya pande 6, 5 kwa ya pande 8, 6 kwa ya pande 10, 7 kwa ya pande 12, kisha ongeza nyongeza ya Ustahimilivu. Namba hizo ziko juu ya wastani halisi kwa nusu pointi, kwa hiyo mchezaji hapotezi. Anayerusha akapata 1 atalibeba jeraha hilo mchezo mzima, na hakulipata kwa uamuzi wowote aliofanya.

Hatua ya tatu: amua sifuri ina maana gani

Katika toleo la 2014, anayefika sifuri hafi papo hapo. Anazimia, na kila zamu yake anarusha dadu ya pande 20: 10 au zaidi ni kufaulu, chini yake ni kufeli. Kufaulu mara tatu anatulia, kufeli mara tatu anakufa. Akipata 20 anaamka na pointi 1. Akipata 1 inahesabiwa kufeli mara mbili.

Sehemu mbili hapa huwaua wahusika wa ngazi ya 1 kuliko watu wanavyotarajia. Ya kwanza: madhara yanayobaki baada ya kufika sifuri yakifikia jumla ya pointi zako kamili, umekufa hapohapo bila kurusha chochote. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye 44 hana haja ya kuiwaza sheria hii. Mchawi mwenye 6, akiwa mzima kabisa, anauawa na pigo moja la 12, na goblini aliyepata 20 kwenye dadu hurusha dadu mbili za madhara badala ya moja, kwa hiyo anaweza kufika 14. Ya pili: adui aliye karibu akimpiga aliyezimia na kumpata, ni kufeli mara mbili kwa mkupuo.

Amua mapema na uwatangazie wachezaji. Kwangu, hadi ngazi ya 3, maadui hawampigi aliyelala, isipokuwa mnyama mwenye njaa, na hapo nawaonya wachezaji kabla ya pambano. Usiamue katikati ya pambano kwa kumwonea mtu huruma. Wachezaji wanakiona usoni mwako, na tangu siku hiyo hakuna hatari itakayowashtua tena.

Hatua ya nne: uzoefu utoke wapi

Hapa ndipo uimara na ngazi vinaposhikana. Rudi kwenye mchezo wa 1981, ule wa mchawi mwenye pointi 1. Mpiganaji alihitaji pointi 2,000 za uzoefu kufika ngazi ya 2, mchawi 2,500, mwizi 1,200. Goblini mmoja alikuwa na thamani ya pointi 5. Kwa kuua goblini peke yake, mpiganaji mmoja angehitaji 400. Nani angeishi hadi huko? Lakini kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa shimoni na kufikishwa nyumbani ilikuwa pointi 1. Basi wachezaji walijifunza kunyata, kuhonga, kukimbia, kuwapita walinzi usiku. Udhaifu wa mhusika na chanzo cha uzoefu vilivuta upande mmoja.

Matoleo ya baadaye yaliweka uzito kwenye kuwashinda maadui. Sasa angalia kinachotokea ukimchukua mhusika wa pointi 8 na kumlipa kwa kupigana: unamtuza kwa kufanya kile kitakachomuua. Ndiyo kosa la meza nyingi, na ndilo lilikuwa langu.

Kwa hiyo linganisha. Ukichagua wahusika dhaifu, lipa kwa hazina, kwa siri zilizogunduliwa, kwa maadui waliokwepwa. Toa pointi zilezile 50 za goblini kwa kundi lililompita kwa ujanja. Ukichagua wahusika imara, unaweza kulipa kwa mapambano. Na kama hesabu inakuchosha, tumia vituo: ngazi inapanda hadithi inapofika mahali fulani. Vituo ni rahisi, ila lazima wachezaji wavijue. "Mtapanda ngazi mkimvusha mfanyabiashara mto" ni kituo. "Mtapanda nikiona inafaa" humfanya mchezaji aangalie uso wako badala ya kuangalia mchezo.

Hatua ya tano: panga vikao kwa kalenda

Toleo la 2014 linataka pointi 300 kufika ngazi ya 2, 900 kufika ya 3, 2,700 kufika ya 4, na 6,500 kufika ya 5. Wabunifu wenyewe walikadiria kwamba mhusika wa ngazi ya 1 anaweza kubeba mapambano ya pointi 300 kwa siku moja ya safari, wa ngazi ya 2 pointi 600, wa ngazi ya 3 pointi 1,200, wa ngazi ya 4 pointi 1,700. Gawanya utaona: ngazi ya 1 ni siku moja, ya 2 siku moja, ya 3 siku moja na nusu, ya 4 zaidi ya mbili. Walijua mhusika mpya ni dhaifu, wakamsukuma apite haraka. Msimamizi anayewaweka watu ngazi ya 1 kwa vikao sita, eti wajifunze kwanza, anapingana na mpangilio huo bila kujua.

Kwa vikao vya saa tatu, bila mkopo, naenda hivi: kikao kimoja ngazi ya 1, viwili ngazi ya 2, vitatu ngazi ya 3, vinne ngazi ya 4. Nikitumia mkopo naweza kukaa vikao vitatu kila ngazi bila wasiwasi, na wachezaji wapya wanaufurahia utulivu huo.

Huko juu jedwali lina mambo yake. Kutoka ngazi ya 10 kwenda 11 unahitaji pointi 21,000, lakini kutoka 11 kwenda 12 ni 15,000. Usidhani umesoma vibaya.

Siku ya kupanda ngazi

Fanya mwishoni mwa kikao, si mwanzoni, ili kila mtu aende nyumbani na karatasi mpya ya kuwaza. Anza na pointi za uhai, ziandike mbele ya wote. Kisha uwezo mpya, mmoja mmoja, kwa sauti. Kisha muulize kila mchezaji swali moja: mhusika wako amejifunza hili wapi? Mpiganaji aliyeongeza mbinu aseme ni nani alimwona akiitumia. Jibu la sentensi moja linatosha. Mwisho rudia hesabu ya hatua ya kwanza kwa namba mpya, kwa sababu adui aliyekuwa hatari wiki iliyopita huenda sasa ni mlinzi wa mlango tu.

Ngazi ya 5, mahali pa kusimama na kutazama

Hakuna ngazi inayobadilisha mchezo kama ya 5. Mpiganaji anashambulia mara mbili kwa zamu. Nyongeza ya ustadi, inayoongezwa kwenye dadu anaposhambulia, inatoka 2 kwenda 3. Mchawi anapata uchawi wa kulipua moto, dadu 8 za pande 6, wastani 28, kwa kila aliyemo ndani ya duara. Pointi za uhai ni 44 na 32. Ukifika hapa na orodha ileile ya maadui, umechelewa. Andaa wapya ukiwa bado ngazi ya 4: majitu, wachawi wenzao, watu wenye jeshi.

Lakini kabla ya hao wapya, warudishe wale wa zamani mara moja. Mchezaji haoni namba zikikua, anaona tofauti kati ya jana na leo, na tofauti hiyo lazima umwekee mbele ya macho.

Mdogo wangu alirudi, kwa mkopo, akiwa na mchawi mpya aliyekuwa ndugu wa yule wa kwanza, akimtafuta. Alipofika ngazi ya 5 niliwaleta goblini sita kwenye njia ileile, wenye pinde zilezile. Hakuwa na dadu nane, akazikusanya kutoka boksi mbili za Ludo, akazirusha zote kwenye sinia zisiruke chini, kisha akazihesabu kwa kidole mara mbili. Thelathini na moja. Goblini wawili waliojinusuru walipata nusu yake, na nusu yake iliwatosha.